Jibu la Kaisa

Tangu sikukuu ya Shukrani, mwezi wa kumi na moja, Kaisa Lahti na baba yake walikuwa hawasemezani. Ugomvi ulizuka mezani, bata mzinga hajakatwa bado. Kaisa alisema ameacha uhandisi, sasa anasoma muziki. Wendell, baba yake, dereva wa malori ya mgodi wa chuma kaskazini mwa Minnesota, mjane aliyemlea binti huyo peke yake, aliweka kisu chini.

"Basi usinitegemee tena," alisema. "Kuanzia leo, jitegemee."

Kaisa akabeba kodiani lake, kinanda cha kukunjua na kukunja, akarudi chuoni Duluth bila kula.

Akajitegemea kweli, au ndivyo alivyoamini. Aliosha vyombo kwenye bwalo la chuo, na Jumamosi aliendelea kupiga kodiani katika nyumba za wazee, kazi aliyoianza kiangazi. Chumba alikodishiwa na rafiki wa shangazi yake Ruth, na Ruth ndiye aliyemwambia, "Wewe soma tu, ada na pango nimeshalipa."

Mwezi wa pili akasoma habari za kodi ya mapato. Ujira wa bwalo peke yake ulikuwa mdogo, usingemlazimu mwanafunzi kama yeye kujaza fomu. Lakini kodiani lilikuwa kazi yake mwenyewe, hakuna mwajiri aliyemkata kodi, na faida ya kazi ya namna hiyo ikifika dola mia nne kwa mwaka, fomu ni lazima. Yake ilizidi. Akakaa mbele ya kompyuta, akajaza, mpaka akafika kwenye swali: je, kuna mtu anayeweza kukuhesabu kuwa mtegemezi wake?

Kidole kilisita. Sauti ya baba yake ikamrudia masikioni. Akabonyeza Hapana, na moyo ukamwenda mbio kama mtu aliyerusha jiwe dirishani.

Mwezi wa nne, theluji ingali inaanguka, mlango ukagongwa. Alikuwa Wendell, kofia mkononi, amekonda.

"Simu zangu hupokei," alisema, hata salamu hakutoa. "Ikabidi nije. Sikia, mwanangu, kuna mwizi amechukua namba yako ya utambulisho. Fomu yangu ya kodi, niliyokuandika mtegemezi wangu, imekataliwa. Wanasema umeshahesabiwa kwingine. Twende benki sasa hivi, kabla hajakukomba."

Kaisa alimpisha ndani. Saa mbili za barabara ya barafu, mzee amekuja kumwokoa na mwizi.

"Hakuna mwizi, baba. Ni mimi."

"Wewe vipi?"

"Waliuliza kama kuna anayenitunza. Nikajibu hakuna."

Wendell akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Hakuna," alirudia.

"Si ulisema nijitegemee?"

"Nilikuwa na hasira!"

"Mimi nilisikia maneno, hasira sikuijua."

"Na hiki chumba unadhani analipa nani?"

"Shangazi Ruth."

"Ruth!" Wendell akacheka kicheko kikavu. "Ruth hana hata petroli ya kigari chake. Mimi ndiye nilimwambia asikutajie. Ada pia ni mimi. Nilijua ukijua utarudisha, kichwa chako kigumu."

"Nimekirithi wapi?" Kaisa alisema, lakini machozi yalikuwa yanamtoka.

Walikwenda maktaba ya mji, ambako Bi Oberg, mwalimu mstaafu, husaidia watu na kodi bila malipo. Aliwasikiliza wote wawili, kisha akavua miwani.

"Serikali haiulizi kama mnasalimiana," alisema. "Una miaka ishirini, ni mwanafunzi, kwenu ni kwa baba, na gharama zako nyingi hujilipii mwenyewe. Basi wewe ni mtegemezi wake. Kujaza fomu ulipaswa, hapo hukukosea. Jibu moja ndilo utakalobadilisha."

Kaisa akajaza marekebisho. Fomu ya Wendell, kwa kuwa mtandaoni ilikataliwa, ingekwenda kwa posta. Wendell mwenyewe alikuwa ameegemea dirisha akitazama ziwa kando ya mji, na Bi Oberg alipomwita atie saini, aliitikia alipoitwa mara ya pili.

Nje, Kaisa alimshika mkono. "Nisamehe, baba."

"Ungenipigia simu."

"Uliniambia nini siku ile? Hata wewe hujaniomba radhi."

Wendell aligeukia gari lake. Akafuta theluji kwenye kioo cha gari kwa mkono mtupu, polepole mno.

"Muziki utakulisha?" aliuliza hatimaye.

"Sijui."

"Mimi pia sijui. Ndiyo maana silali."

Akaingia garini, akaondoka. Kaisa alisimama barabarani mpaka baridi ikamwuma masikio. Jioni akampigia. Simu iliita muda mrefu ndipo ikapokelewa.

"Nimefika," alisema Wendell.

Wakabaki hivyo, simu masikioni, kila mmoja akingoja mwenzake aseme.