Walipopiga Makofi

Asubuhi moja watu watatu waliingia kwa fundi cherehani, na hakuna aliyeleta nguo. Wawili walikuwa majirani. Wa tatu alikuwa katibu wa chama, mwanamume mwenye ulimi wa kumtoa nyoka pangoni. Akaweka fomu ya udiwani juu ya meza ya kukatia, kati ya chaki na mkasi.

"Mama Chiriku, kata nzima inakutaja wewe."

Hawakukosea mlango. Miaka miwili nyuma binti yake wa pekee, mtoto wa miaka saba aliyeitwa Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo, alitoka shule mvua ikinyesha, akatumbukia kwenye mtaro wa barabara ya soko. Mfuniko ulikuwa umeondoka siku nyingi. Walimpata upande wa pili wa soko, maji yakiwa yameshapungua. Baada ya maziko mama mtu alipita nyumba kwa nyumba akikusanya saini za kutaka mtaro ufunikwe. Alizipeleka halmashauri mara tatu, na mara tatu akaambiwa zinafanyiwa kazi. Watu waliona, wakasema huyu mama ana moyo wa kupigana.

Mumewe alikuwa mchora vibao; nusu ya majina ya maduka ya mtaa ule yalitoka mkononi mwake. Jina moja tu hakuwahi kulitamka tangu maziko. Mkewe alipomwonyesha fomu, aliisoma mpaka mgongoni.

"Unautaka udiwani?"

"Sijui. Nataka mtaro ufunikwe."

"Basi jaribu. Mabango nitachora mwenyewe."

Katibu aliposikia hivyo alifurahi, akaja na wazo lake: kwenye bango, pembeni ya mama, awepo na mtoto. Mchora vibao akaweka brashi chini.

"Uso wa mama yake nitauchora hata mara mia. Wa mtoto, hapana. Mkono huo sina."

"Mzee, watu wanapigia kura wanachokiona."

"Nimeshasema."

Mkutano wa kwanza ulikuwa Jumamosi, katika ukumbi wa shule, watu wazima wamebanana kwenye madawati ya watoto. Mama Chiriku alikuwa amejiandaa. Alizungumzia mtaro, bomba la maji, paa la zahanati. Watu wakajipepea kwa daftari, wakaanza kupiga soga zao. Katibu akamnong'oneza kwa nyuma: "Mtoto, mama. Anza na mtoto."

Akaanza. Daftari zikatulia mikononi. Alieleza alivyokimbia kwenye mvua akimsimamisha kila mwenye sare ya shule na kumwuliza kama amemwona Chiriku. Halafu, bila kupanga, likamtoka neno ambalo hakuwahi kumwambia mtu yeyote: asubuhi ile mtoto alisema tumbo linamuuma, hataki kwenda shule. Yeye alimwambia aende, kwa sababu alikuwa na gauni la bibi harusi la kumaliza.

Wanawake wakalia. Alipofika mwisho, watu wakasimama wakapiga makofi. Vigelegele vikapanda hadi kwenye bati. Katibu akamshika mikono, uso umemnawiri.

"Umeua, mama! Umeua kabisa! Hivyo hivyo kila mkutano. Bado ishirini na mbili."

Mama Chiriku aliitoa mikono yake taratibu. Mlangoni alimwona mumewe, kofia mkononi. Alikuwa amesikia yote.

Walitembea mpaka wakavuka soko. Ndipo mume akasema, "Hukuniambia habari ya tumbo."

"Ningeanzia wapi?"

Mume alikwenda hatua kadhaa. "Chiriku alikuwa na tumbo la kila Jumatatu," alisema. "Mimi mwenyewe nilimfukuza nalo mara ngapi? Ungekuwa hukumpeleka wewe, ningempeleka mimi." Wakasimama kando ya barabara, wazazi wawili, wakalia mchana kweupe, wapita njia wakiwapisha.

Jumatatu Mama Chiriku alimrudishia katibu fomu, akajitoa.

"Watu utawaambia nini?" katibu akafoka. "Kiti hiki ni chako, umekishika mkononi!"

"Najua. Lakini nikimsimulia mara ishirini na mbili, mwanangu atageuka hotuba. Na mimi sina mwingine."

"Basi usimtaje."

"Ulimtaka yeye, baba. Mimi na zahanati yangu hukutusikiliza."

Katibu alichukua karatasi yake akaenda.

Akashinda mfanyabiashara wa mbao. Mtaro ulifunikwa kweli, kuanzia lango la kiwanda chake hadi mwanzo wa soko. Hapo kazi ikasimama. Jirani mmoja, muuza mkaa, hakumficha: "Ungeingia wewe, leo mtaro ungekuwa umefunikwa wote." Mama Chiriku hakubisha. Huenda ilikuwa kweli, na ukweli huo alilala nao na kuamka nao.

Siku za mvua, kengele ya shule ikikaribia, hufunika cherehani kwa kitambaa, akaenda kusimama pale mfuniko unapoishia. Huwashika watoto mkono mmoja mmoja, akawavusha. Wadogo humwamkia na kumsimulia habari za darasani. Wale waliosoma na Chiriku sasa wamerefuka, wanamfika begani. Hao nao huwavusha, ila yeye hawatazami usoni.