Kiti cha Ushuhuda

Mchungaji alimwombea binti wa fundi cherehani, akamshika makwapani, akamsimamisha. Alisimama sekunde tatu, kanisa zima likalipuka kwa vifijo. Kiti chake cha magurudumu kikabakizwa madhabahuni, kiwe ushuhuda.

Muujiza wenyewe uliishia mlangoni. Mama mtu alimbeba mgongoni hadi nyumbani, na mtoto wa miaka kumi na mmoja si mzigo wa mchezo.

Baada ya wiki mbili mgongo ulimgomea. Mtoto akawa anatambaa sakafuni, magoti yamechubuka. Basi mama akaenda kanisani kukiomba kile kiti.

"Mama, watu wanaokoka kwa kukiona tu," mchungaji alimwambia kwa upole. "Kikiondoka tutawaambia nini? Na huyo mtoto msimlete kwanza, mpaka imani yenu ikomae."

Mama akamgeukia mumewe, yule fundi na mzee wa kanisa, aliyekuwa amechuchumaa hapo madhabahuni na kitambaa mkononi. Mumewe hakuinua uso. Aliendelea kukipangusa kiti vumbi, gurudumu moja baada ya jingine, taratibu, kwa mikono ambayo haijawahi hata siku moja kumnawisha binti yake uso.