Aliyepika Nyumba ya Mawe

Mwaka ule wa sitini na sita nilichoshwa na watu wa Mikindani, nawaambia kweli. Nilichoshwa na kahawa zao, na halua zao, na huo msemo wao wa "yaliyopita si ndwele". Kwangu mimi yalikuwa ndwele, tena ya kulaza mtu kitandani.

Mama yangu, Zainabu, alikuwa mgonjwa wa kifua na alijua haponi. Alizaliwa katika nyumba ya mawe ya marehemu Athumani, kule Mikindani. Akalelewa humo, akaitwa Zainabu Athumani kwa jina la mwenye nyumba, na kila alipouliza mama yake ni nani aliambiwa, "Wewe ni wa nyumba hii, basi." Sasa alilitaka jina. Maiti akishafukiwa, mwalimu hukaa kaburini akamsomea talkini, akimwita kwa jina la mama yake na kumkumbusha la kuwajibu malaika. Asiyejulikana mama yake huitwa kwa jina la Hawa.

"Hawa ni wa watu wote," Mama aliniambia. "Mimi nataka wangu, Chande. Nenda kaulize walioishi mle."

Nikaenda. Bi Fauzia, mjukuu wa Athumani, alinipokea mara nne. Mara nne! Nimevaa kanzu, nimebeba sukari, nimekaa mkekani kwa adabu zote. Alinitajia mabwana wa nyumba ile mpaka babu wa babu, nani alioa wapi, nani alikwenda Hija. Nikimuuliza, "Na jikoni, Bibi, walikuwamo nani?" anamimina kahawa.

"Mambo ya watu tuyasitiri, mwanangu."

Tumsitiri nani? Mama yangu anakufa!

Katika ofisi ya serikali Mtwara karani alinizungusha wiki tatu: njoo Jumatatu, njoo Alhamisi, mwenye ufunguo kaenda msibani. Faili la nyumba ya Athumani lilipopatikana lilikuwa na karatasi moja ya tangu enzi za Mjerumani, imeliwa na mchwa pembeni. Karani akanisomea: Athumani, wake wawili, watoto watano, na watu wa kazi kumi na mmoja.

"Majina yao?"

Akaigeuza karatasi. Nyuma kweupe. "Kumi na mmoja," akarudia, utadhani mimi ndiye sijui kuhesabu. Nilipiga meza, nikatolewa nje.

Na juu ya yote hayo, kila nikirudi nyumbani Magomeni, hapo hapo Mtwara, namkuta Yohana kibarazani. Yohana ni mzee wa Kimakonde, anauza mkaa kutoka Ziwani, na ni mtani wetu, maana Mama ana damu ya Kimakua. Hilo peke yake ndilo Mikindani walilokubali kumwambia. Mtani hana adabu na wala hatakiwi kuwa nayo. "Kaja mjukuu wa Nambuya, mwizi wa mihogo!" anapayuka mtaa mzima usikie. "Mjukuu wa Nambuya mla panya, umeoga leo?" Mama hucheka mpaka akakohoa, kisha ananiambia nimpe chai. Maneno ya mtani nani anayaweka moyoni? Mwezi wa mwisho, Mama alipozidiwa, nilimfukuza. Nilimwambia akanyage tena kibaraza changu aone.

Mama akafa Ijumaa alfajiri. Mwalimu Muhidini akanivuta pembeni. "Tumwite binti nani?" Nikasema, "Hawa."

Tukafika njia ya makaburini na jeneza mabegani. Yohana huyo, kalala chali katikati ya njia.

"Hapiti! Binti Nambuya hapiti! Mama yake aliiba mihogo ya bibi yangu!"

Watu wakacheka, ndiyo ada ya watani msibani. Mimi sikucheka. Nilimwachia mwenzangu jeneza, nikamkamata Yohana ukosi wa shati.

"Huna haya wewe? Nambuya, Nambuya, kila siku Nambuya! Nambuya gani huyo?"

Yohana akaacha utani. "Mama yake huyu," akasema. " Ndiye aliyekuwa akipika nyumba ya mawe. Bibi yangu alikuwa akiteka naye maji kisima kimoja. Kwani hukujua, Chande? Nisingelichezea jina hilo ningejua hamlijui."

Nikamwachia shati, nikamwambia Mwalimu Muhidini asimwite kwa Hawa tena.

Mwalimu Muhidini aliketi juu ya udongo mbichi akamwita, "Ewe Zainabu binti Nambuya," mara tatu, na mimi nililia kila mara. Watu walipoondoka nilibaki pale na Yohana. Hakunitania. Mwaka mzima nilivaa kanzu nikalitafuta jina lile kwa wenye heshima zao, na mwaka mzima Mama alikuwa akilisikia kibarazani kwake, akilicheka. Na aliyekuwa akimletea, nilimfukuza mimi.