Ng'ombe Watano wa Shule

Baba alipotamka "ng'ombe wa shule" nilikuwa jikoni na shangazi Specioza, tunapakua wali wa wageni. Nikaacha kupakua.

"Kumi ni wa desturi," baba alikuwa akiwaambia kina Elia, mchumba wangu, waliokuja kujadili mahari yangu. "Halafu kuna watano wa shule. Huyu ni mwalimu mwenye digrii, na mimi nimeuza ng'ombe watano kumfikisha hapo. Mjue mnachukua mwalimu."

Wageni wakacheka. Baba yangu, mzee Mihayo, ni mtu mzuri na nampenda, ila hapo alikuwa anadanganya mchana kweupe. Aliuza ng'ombe mmoja tu, yule mweusi aliyevunjika pembe, nikapata nauli, godoro na begi. Mengine yote yalitoka kwenye mkopo wa serikali, na tangu niajiriwe, makato yanapita kwenye mshahara wangu kabla sijauona. Tena hata ile fedha ya kujikimu, ambayo chuoni tuliita bumu, nusu yake nilikuwa namtumia baba. Bati la sebule walimokaa wageni ni bumu la mwaka wa pili. Deni langu lilikuwa juu ya vichwa vyao, na walipofika walilisifu.

Mimi na Elia tulikuwa na mpango wetu. Naye alisoma kwa mkopo. Tulikaa Bariadi, kwenye hoteli ya chai karibu na stendi, tukapiga hesabu mpaka chai ikapoa: tukioana tutakula mshahara mmoja, ule mwingine na akiba ya Elia viende kwenye deni langu kwa kuwa ndilo dogo, likiisha tuhamie lake. Harusi iwe ya soda. Mahari ng'ombe kumi, ambao ukoo wake wa Mwandoya ungewatoa zizini. Elia aliwaeleza watu wake kila kitu. Mimi nilimwambia baba kwamba kumi wanatosha, akaguna, nikadhani amekubali. Habari ya deni sikumgusia. Niliona aibu kumkumbusha.

Sebuleni mzee Kasmiri, baba mdogo wa Elia na msemaji wao, akakohoa.

"Mzee Mihayo, usinielewe vibaya. Kijana wetu ametuambia binti amesoma kwa mkopo, na huo mkopo watalipa wao wenyewe. Sasa hawa watano ni wa shule gani?"

"Huo ni uongo," baba akasema.

"Basi tumwite binti mwenyewe atuambie."

Shangazi alinisukuma mgongoni. Nikaingia, nikapiga goti, nikawaamkia. Mzee Kasmiri hakuwa mkali, na afadhali angekuwa mkali.

"Mwanangu, baba yako aliuza ng'ombe ili usome?"

"Aliuza."

"Wangapi?"

Baba alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Alivaa shati la kanisani, kifungo kimoja kimefungwa vibaya. Elia, amekaa karibu na mlango, aliniinamishia kichwa kidogo, kama mtu anayesema: sema ukweli tu, tumalize.

"Watano," nikasema.

"Na mkopo?"

"Sina mkopo."

Mzee Kasmiri akamgeukia Elia. "Wewe si ndiye uliyetuambia?"

Elia alinitazama. Ningeweza kusema neno bado. Nafasi ilikuwepo, na niliiona inapita.

"Nilielewa vibaya, baba mdogo," Elia akasema. "Mnisamehe."

Watu wake wakamcheka, kijana msomi asiyejua hata mchumba wake kasomeshwa na nani. Wakakubali kumi na tano. Shangazi akapiga kigelegele huko jikoni, na nilitamani anyamaze.

Wakati wa kuondoka Elia alinipa mkono bila kuubana. "Ubaki salama, mwalimu," akasema. Hakuwa amewahi kuniita mwalimu.

Jua lilipopungua baba aliniita zizini. Alikuwa amenipa mgongo, anamkuna ndama shingoni.

"Ng'wanone, umenistiri," akasema. Mwanangu, kwa Kisukuma. Hakuwa ameniita hivyo tangu nianze sekondari. "Wenzangu wote hapa Shishiyu wanasema wameuza ng'ombe kusomesha. Nami nilitaka nionekane nimesomesha. Nimekuaibisha."

"Hapana, baba."

"Deni lenyewe ni kubwa?"

Nikamtajia. Akamwachia ndama, akageuka, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Basi wale watano sio wangu. Nisije nikala kisicho changu. Wakifika, wapeleke mnadani, ukapunguze hilo deni. Mimi nibaki na wale kumi."

Hakuwahi kunipa kitu kikubwa namna hiyo, na alikuwa anangoja nifurahi. Simu ikalia mkononi. Ulikuwa ujumbe wa Elia:

"Ukoo unatoa kumi tu. Watano wa shule, wazee wamesema nijitafutie mwenyewe, kwa sababu niliwapa habari za uongo. Akiba haitoshi. Jumatatu naenda benki kuomba mkopo mwingine."

Nikausoma tena. Deni langu lingepungua, sawa, kwa mkopo wa Elia, na hata hivyo mbele ya watu wake mwongo atabaki yeye. Aibu ilinishika, nikaifunika simu kwa kiganja.

"Ni mkwe huyo?" baba akauliza. Sura yake ilikuwa imechangamka sasa, kama mtu aliyetua mzigo. "Anasemaje?"

"Anakusalimia, baba," nikasema.