Chupa Iliyolala na Samaki

Kitu ambacho Émérence hakukiona kilikuwa mbele ya macho yake kila asubuhi ya juma lile: vipande vyeupe, vyepesi kuliko unga wa mahindi, vilivyong'ang'ania ukuta wa chupa ndogo ya insulini. Aliishika chupa, akaivingirisha taratibu kati ya viganja kama alivyofundishwa, akavuta dawa kwa sindano ya kioo, akamdunga mwanawe pajani. Macho yake yalikuwa kwenye mistari ya sindano, si kwenye chupa.

Na hakuwa mtu wa kupitwa na vitu. Alifundisha kemia katika shule moja ya wasichana mjini Likasi, na kutazama rangi ndiyo ilikuwa kazi yake. Tangu Élise, binti yake wa pekee, apatwe na kisukari, Émérence alimpima mkojo jikoni, katika nyumba yao ya mtaa wa Kikula, kwa maji ya buluu aliyoyachanganya mwenyewe kwa chumvi ya shaba. Mkojo usio na sukari uliyaacha maji yale na buluu yake. Wenye sukari nyingi, ukichemshwa nayo, uliyageuza mekundu kama tofali. Octave, mumewe, fundi wa kiwanda cha shaba, alipoona jambo hilo kwa mara ya kwanza alisimama na ovaroli yake ya kazi mpaka neli ya kioo ilipopoa.

"Miaka yote hii minye natumika kazi na mukuba," alisema, maana kwao shaba ni mukuba, "hata siku moja sikuisikia inasema."

Lakini Émérence alistaajabia zaidi dawa yenyewe. Élise, ambaye shuleni aliandikishwa Mbuyi kwa kuwa serikali ilikuwa imeyafuta majina ya ubatizo, aliuliza siku moja kwa nini asipewe dawa yake ainywe, kama watoto wengine wanavyokunywa ya malaria. Mama yake alimweleza kwamba insulini hutolewa kwenye kongosho la ng'ombe au la nguruwe. Kwamba ni nyuzi mbili fupi zilizofungamana, zenye shanga hamsini na moja kwa jumla. Na kwamba wataalamu walihangaika miaka mingi maabarani kabla ya kuweza kuzitunga shanga hizo kwa mikono yao, wakafaulu juzijuzi tu. Kitu kilichotungwa hivyo hakipitishwi mdomoni.

"Tumbo haiwezi kujua kama ni dawa," alimwambia. "Itaikula sawa nyama."

"Basi tumbo iko mujinga," alisema Élise.

"Haiko mujinga, mama. Iko na njala."

Dawa ilikuja kwa treni kutoka Lubumbashi, ndani ya chupa ya chai iliyojazwa barafu. Chupa moja ya insulini ilitumika nyumbani. Ya akiba ilipelekwa kwa jirani yao Germaine, mwenye friji pekee katika barabara yao. Wanawake wote wa barabara ile walimpelekea samaki wao, kila mmoja akifunga furushi lake kwa kipande cha kikwembe chake, kitenge cha kujifunga, ili vitu visichanganyike. Émérence naye aliifunga chupa kwa kipande cha kikwembe cha njano, akaiweka mwenyewe kwenye mlango wa friji.

Oktoba, joto lilipokuwa limeukamata mji, chupa ya nyumbani iliisha. Élise alikwenda kuichukua ya akiba alipotoka shule, akaiacha mezani. Mama yake aliporudi jioni aliikuta vuguvugu kidogo, akaona ni joto la nyumba, akaanza kuitumia.

Siku ya pili maji ya buluu yaligeuka mekundu. Siku iliyofuata pia. Mtoto alikunywa maji bila kutosheka, akaamka usiku, akakonda. Émérence aliongeza dawa kidogo, wekundu haukupungua. Ndipo alipofikiri juu ya miwa iliyouzwa kwa vipande karibu na soko. Alimuuliza Élise, kisha akamuuliza tena kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia kwake. Élise alilia, akasema hakula. Mama yake hakumsadiki, kwa sababu shaba ilikuwa imesema, na shaba haikuwahi kumdanganya.

Jumapili Élise hakuweza kuinuka kwenda misa. Alihema kwa nguvu kama aliyekimbia, na pumzi yake ilinuka kama tunda lililochacha. Émérence alikwenda dirishani na chupa ili apate mwanga wa kuvuta dawa, na jua likapita ndani ya kioo. Aliviona vipande. Akaivingirisha chupa. Havikutoka.

Alimwambia Octave ambebe mtoto mgongoni waelekee hospitali, kisha akakimbilia kwa Germaine kumuuliza chupa ilikaa wapi. Germaine alijibu kwa uso mkunjufu.

"Niliona kitambaa yako, mama Élise. Nikasema dawa ya mutoto haiwezi kukaa mu mulango na bitunguu. Nikaitia kule juu, mu barafu, pamoja na samaki yangu. Njo fasi ya heshima."

Émérence alitaka kukasirika, akashindwa. Alisema tu kwamba dawa hutaka ubaridi lakini ikiganda hufa, kwamba kule juu iliganda, na kwamba siku zote hizo alimdunga mtoto maji. Germaine aliivua aproni yake, akamfuata mbio hadi hospitali.

Daktari Damas alitoa chupa nyingine, akamtundikia mtoto maji ya chumvi. Walikaa kando ya kitanda wote watatu. Kufikia alasiri Élise alihema polepole. Kesho yake aliomba uji. Émérence alikuwa amekuja na neli na maji yake ya buluu. Aliyachemsha kwenye jiko la wauguzi, na yakageuka rangi ya chungwa, siku iliyofuata kijani. Siku ya tatu Octave aliiinua neli dirishani. Ilikuwa buluu.

Émérence aliziweka chupa mbili juu ya kiganja kimoja, iliyokufa na iliyo hai. Katika ile iliyokufa hakikuondolewa kitu. Shanga zote zilikuwemo. Kilichopotea ni mkunjo wake tu, namna nyuzi zile zilivyojilaza. Na katika mkunjo huo, mdogo kuliko chochote ambacho jicho lingeweza kukiona, ndimo mwanawe alimoishi.

"Hukukula miwa," alimwambia Élise.

"Nilikuambiaka."

Tangu juma lile chupa ya akiba ilikaa kwenye mlango wa friji ya Germaine, kando ya vitunguu, na hakuna aliyeihamisha. Kila asubuhi Émérence na Élise waliitazama chupa pamoja dirishani kabla ya sindano. Na kila maji ya buluu yalipogeuka mekundu, Émérence aliichunguza dawa kwanza. Mtoto aliulizwa baadaye.