Nani Alimlisha Hongwe?

Wewe uliyekaa karibu na birika, usimtazame mwenzako, ni wewe ninayekuuliza: kondoo wangu hana miguu, hana mchungaji, na malisho yake huja yenyewe na kuondoka yenyewe. Ni nani huyo? Hujui. Usione haya. Maka wa Galbet, mtaa wa wafugaji mbali na bahari, alikuwa na mvi kichwa kizima na hakujua, na mwaka ule wa tisini na sita, kutojua huko nusura kumnyime mjukuu wake mume.

Mjukuu ni Ruweyda. Aliyekuja kumposa ni Hamse, kijana wa watu wa Hulugho, watu wenye ngamia, dini na adabu. Kasoro yake ilikuwa kazi. Serikali ilimpeleka Kipini, pale mto Tana unapoingia baharini, akae akipasua matumbo ya samaki na kuandika wamekula nini. Majirani wakapata cha kutafuna. "Ruweyda atapakwa magamba badala ya hina," walisema.

Dekow, baba wa msichana, hakutaka lawama. Akasema mama yake, Maka, ndiye mkubwa, neno lake ndilo litakalopita. Basi Hamse akaketi mkekani mbele ya bibi, akaulizwa lile swali ambalo kila mfugaji huuliza kabla hajanywa maziwa ya mnyama asiyemjua.

"Samaki wako anakula nini?"

"Inategemea, Ayeyo," alisema Hamse, akimwita bibi kwa heshima ya kwao. "Maji yakijaa anakula hiki, yakipwa anakula kile. Mdogo ana chakula chake, mkubwa ana chake."

"Mchungaji akinijibu inategemea, namfukuza kabla ya chai."

"Basi nitawaleta hapa, ujionee mwenyewe."

Ijumaa ya pili yake akaja na gari la kazini na sanduku la barafu. Alitangulia msikitini pamoja na Dekow. Sanduku likabaki uani, na Maka akabaki na sanduku.

Sasa, Maka hakuwa mtu mbaya. Aliwaza tu hivi: mwanamume anayepasua matumbo peke yake huko mbali, nani atajua kama anaandika ukweli? Na atakayedanganya juu ya tumbo la samaki ili amfurahishe bibi, atamdanganya mke juu ya kila kitu. Akafungua fundo la mtandio wake, akatoa maganda matatu ya mgunga, yale ambayo mbuzi huyapigania. Akamchagua samaki mwenye mdomo mpana na masharubu, akayasukuma kooni kwa mswaki. Kisha akautupa ule mswaki, akatafuta mwingine.

Wanaume waliporudi, Hamse alitandika gunia, akaweka kitabu chake cha kazi kando, akashika kisu.

"Huyu ni mkizi. Ana firigisi kama kuku."

"Samaki hawajatutosha, sasa na kuku," Maka alinong'ona.

Hamse akaipasua firigisi. "Tope laini, mchanga, na mwani. Maji yakijaa anayafuata mpaka kwenye mikoko, anachunga. Yakipwa anarudi nayo. Hamgusi mtu."

"Kumbe ni kondoo," alisema Maka kabla hajajizuia.

Wa pili alikuwa chewa. Ndani yake mlikuwa na kamba wawili na samaki mdogo aliyekunjika. "Huyu hazururi. Anajificha kwenye mizizi, anangoja. Akiwa mdogo ni kamba tu. Akikua, mdomo nao hukua, anahamia samaki wenzake."

"Chui," alisema Dekow, ambaye sasa alikuwa amechuchumaa karibu.

"Na wa mwisho, huyu mwenye masharubu, ni hongwe. Huyu hachagui." Kisu kikapita. Akatoka kaa aliyelainika, kisha yakatoka maganda matatu ya mgunga.

Maka akatazama paa la jirani. Tasbihi ilikimbia vidoleni mwake.

"Mgunga?" alisema Dekow. "Hata huko Kipini?"

"Si amesema hachagui?" Maka alidakia kwa sauti ya asali. "Andika, mwanangu. Andika hongwe anakula chakula cha mbuzi. Nami nitatulia, nijue ni mnyama wa kwetu."

Mlangoni mwa jiko, Ruweyda aliacha kuchambua mchele. Alimjua bibi yake.

Hamse akainua ganda moja, akalivunja, likalia ka. Akalinusa. Akainamisha macho.

"Niwie radhi, Ayeyo. Kilicholiwa hulainika, kama huyu kaa. Hili ndani ni kavu. Tena linanukia uunsi, ule ubani wa kufukizia mitandio, na mimi sijakutana na hongwe anayejifukiza. Siwezi kuandika kwamba amelila. Naweza kuandika kwamba amelishwa. Lakini hapo itabidi niandike na jina. Nani alimlisha?"

Dekow alikumbuka viatu vyake, akavikagua. Ruweyda alirudi jikoni na mtandio mdomoni, mabega yakimtikisika. Hamse hakuuliza mara ya pili. Alikifunga kitabu, kalamu ikiwa katikati.

Mkizi akakaangwa, akaletwa juu ya sinia la wali. Tangu azaliwe Maka hakuwahi kutia samaki kinywani.

"Hongwe simtaki," alisema, "tuna kisa naye."

Akachuna kipande cha mkizi kisichofika ukucha, akasema Bismillahi, akatafuna polepole kama mtu anayesikiliza mlango. Akachuna cha pili. Hicho hakikuwa cha ukucha.

"Mama," alisema Dekow, "watu wa Hulugho wanangoja neno."

Maka akalamba kidole, akakielekeza kwenye kitabu.

"Warya, wewe kijana Hamse, fungua hicho. Andika: hongwe alilishwa maganda matatu na Maka, bibi wa mke wako."