Miaka Mitatu, Alisema Frederick

"Miaka mitatu, daktari," Frederick alijibu upesi.

Jamani, angefanyaje? Daktari alitaka kujua hedhi ya mama ilikoma lini, na mkalimani ndiye yeye, mtoto wa kumzaa. Kwa Waarusha wa Oldonyo Sambu, mwana hamuulizi mama yake jambo hilo hata kwa fimbo. Basi hakuuliza, akakisia. Namelok, mama yake, alitazama ukuta.

Kilichowaleta ni joto. Kule kwao baridi inatetemesha mbuzi, lakini mama alitupa blanketi na kulowa jasho, usingizi hakuna. Daktari akaandika vidonge vya homoni. Alisema wazi: kama hedhi imekoma juzijuzi, hatari ni ndogo, ikipita miaka kumi, moyo na mishipa vinaweza kuumia. Frederick alisikia. Angeomba nesi amuulize mama faragha, yakaisha. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Huyu mama alishazaa, na aliyezaliwa ndiye akaficha! Akabeba karatasi hadi dirisha la dawa.

Miezi mitatu baadaye mama alianguka akikamua ng'ombe. Moyo.

Wodini mjini, Daktari Violet hakuwa na subira. Alimtoa Frederick nje, akamwita mhudumu wa kike anayejua Kimaasai. Hazikupita dakika tano akamfuata ukumbini.

"Hedhi ya mama yako ilikoma miaka kumi na sita iliyopita. Nani alisema mitatu?"

"Mimi."

"Siwezi kuapa kwamba ni vidonge peke yake. Ila tungejua, tusingempa. Moyo umeumia, hautarudi ulivyokuwa."

Frederick alingoja uchungu uje. Haukuja. Alihisi ganzi tu, mwili mzima, kama mguu uliokaliwa. Alisema asante, akashangaa kwamba amesema asante.

Aliingia, akakaa kando ya kitanda.

"Yeyo, nisamehe. Nilimdanganya daktari yule wa kwanza."

"Najua," mama akasema kwa Kiswahili, kile anachouzia maziwa sokoni, ambacho Frederick alidhani kinaishia kwenye bei. "Nilisikia yote. Mitatu yako, na ile kumi yake."

Frederick alimtazama. Bado hakuhisi kitu.

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Ningekuumbua mbele ya mgeni, mwanangu? Nikaona afadhali nivimeze vile vidonge."